Kabla Kadi Hazijachomwa

Shaka iliyoninyima usingizi mwaka ule niliigeuza kila upande, kama mtu anavyogeuza hindi juu ya makaa: je, mashine yetu ilijua kwamba huyu ni huyu na yule ni yule? Shaka nyingine nilikuwa nazo tele. Nilihofia umeme, nilihofia vumbi la Same kuingia kwenye diski, nilihofia kwamba nilimwitikia vibaya mtu aliyenisalimu stendi wiki iliyopita. Hizo zilichoka zenyewe kabla ya jogoo wa kwanza. Hii moja haikuchoka. Ililala nami na kuamka nami, na kwa kuwa kila aliyenijua alikuwa amezoea kunisikia nikitia shaka, sikuwa na mtu wa kumwambia akaniamini.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Eliwaza, aliyekuwa na hoteli karibu na stendi ya Same, na ndiyo maana haya yote yamerudi. Nilifika mapema nikakaa kwenye benchi chini ya turubai, upepo wa Same ukilipiga kama kawaida yake, na mtu mwenye mvi na miwani akaja kukaa pembeni yangu bila kuuliza. Ilinichukua muda kumtambua Togolani, mwenzangu wa kazi wa mwaka ule. Tulikuwa hatujaonana karibu miaka thelathini, ingawa nilikuwa nikiliona jina la kampuni yake chini ya risiti kila nilipokwenda Dar es Salaam. Hakunipa mkono. Alitazama mbele, kule akina mama walikokuwa wakikoroga makande kwenye masufuria ya marehemu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimefunga mlango wa gari langu. Nikasema nimefunga. Akauliza kama nilirudi kuhakikisha. Nilikuwa nimerudi, nikamwonyesha vidole viwili, akacheka mabega yakitikisika, kicheko cha msibani cha kumezwa, nami nikajikuta nacheka na kulia kwa pamoja.

Habari za nilikotoka nitaziruka; zinafanana na za wengi wa milima ile, kahawa, shule na kanisa. Ninachotaka kukisimulia ni chumba. Kilikuwa nyuma ya hoteli ya Mama Eliwaza, na miaka ya uhaba kilikuwa stoo yake, kwa hiyo mlango ulikuwa na komeo tatu, kwani zama zile mfuko wa sukari ulilindwa kuliko binti. Tulipokipanga, sukari ilikuwa imejaa madukani na watu wanaitazama tu, komeo zimebaki bila kazi, na harufu ya sabuni ya magendo haikutoka ukutani hata tulipopaka chokaa. Kulikuwa na meza mbili, kitanda cha kamba alicholalia Togolani, na dirisha dogo la kupitishia sahani lililotutenganisha na jiko. Mimi nililala nyumbani kwa Mama Eliwaza, chumba kimoja na wajukuu zake. Kupitia dirisha lile tulipata chai ya tangawizi, makande ya jana yaliyokaangwa upya, na maneno yote ya hoteli. Mama Eliwaza hakuelewa tunachofanya na hakujifanya anaelewa. Wateja walipomuuliza vijana wale wanatafuta nini kwenye luninga isiyo na picha, aliwajibu kwamba wanasomea upofu.

Tulikuwa tumemaliza chuo kikuu mwaka mmoja, mimi hesabu, yeye uhandisi. Waliotutangulia walihitimu wakakuta barua za kupangiwa kazi zinawasubiri. Sisi tulikuta ajira zimesimamishwa na wenye kazi wanapunguzwa. Togolani hakuuona huo kuwa msiba. Mjomba wake alikuwa ameanza kuleta vipuri vya magari kutoka Dubai mara tu milango ya biashara ilipofunguliwa, na katika kontena moja zilikuja kompyuta mbili ambazo hakujua azifanyie nini. Alituazima kwa sharti kwamba mwaka ukiisha biashara haijasimama, zinarudi dukani kwake. Togolani akasema tutaandika programu, tutaziuza kwa kila ofisi kuanzia Mwanga hadi Hedaru, halafu Tanga, halafu nchi nzima. Alisema "halafu" kama watu wengine wanavyosema "amina." Mimi niliandika, yeye alizunguka akiuza, na katika mgawanyo huo kila mmoja alimwonea mwenzake huruma.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya shamba moja la mkonge upande wa Makanya, lililotaka kulipa vibarua wake bila makelele ya kila mwisho wa mwezi. Kazi ilikwisha salama, na tulichotoka nacho cha maana alikuwa Bi. Halima. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya shamba, akapunguzwa wiki ileile tuliyomaliza, na Togolani alimwajiri pale pale getini, kabla hajajua atamlipa nini. Baba yake Bi. Halima aliletwa kutoka kusini enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba wa mkonge, naye alizaliwa kambini, katikati ya mkonge, akisikia kila lugha ya nchi hii na kujibu kwa Kiswahili. Alipiga chapa bila kutazama vidole, akituchamba huku anapiga. Sisi Wapare, alisema, ni watu wa kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na sasa tumepata mashine ya kuandikia kesi hizo. Mungu ainusuru nchi. Aliniita mdogo wangu. Aliponiona nimetulia sana alijua nina wasiwasi, akaniletea chai.

Halafu ikaja hospitali. Ilikuwa ya misheni, juu mlimani. Wengi hudhani nasema ile ya Gonja, lakini siyo. Mganga mkuu wake, Daktari Kajiru, alikuwa na tatizo ambalo kila aliyewahi kuugua milimani analijua. Mgonjwa alipewa kadi, kadi ikalowa mvua, ikaliwa na panya au ikafungiwa ugoro, na akirudi anaandikiwa nyingine. Mama mmoja alikuwa na kadi tano au sita, kila moja na kipande cha maisha yake, na daktari aliyemtibu leo hakujua aliyoyaandika mwenzake jana. Chumba cha masjala kilijaa makabati hadi dirishani. Daktari Kajiru alitaka kadi ziingie kwenye mashine na chumba kile kiwe wodi ya akina mama wanaosubiri kujifungua, ambao wakati huo walilala sakafuni kwenye korido, na mlimani korido ina baridi ya kuvunja mifupa.

Nilimwandikia programu nikaipenda kama mtoto. Kadi zilishuka Same kwa magunia, Bi. Halima akaziingiza umeme ulipokuwepo, maana mwaka ule wa mgao tulifanya kazi kwa ratiba ya wengine, kisha magunia yakapanda tena pamoja na diski. Sehemu niliyojivunia zaidi tuliiita kuunganisha. Mashine ilipokuta kadi mpya ina majina mawili, kijiji na mwaka wa kuzaliwa sawa na iliyokwishaingia, iliuliza kama huyu ndiye yule, Bi. Halima alibonyeza ndiyo, na kadi tano zikawa mtu mmoja. Kila mgonjwa alitolewa karatasi safi yenye magonjwa yake, dawa zake na kundi lake la damu. Hilo la damu ndilo lililomfanya Daktari Kajiru anyanyuke kitini. Dawa za kupimia zilikuwa zinaadimika, na wakati mwingine mama anatoka damu huku mpimaji anahangaika. Sasa kundi lingesomwa kwenye karatasi, bila kusubiri.

Habari zilisafiri. Kamati inayosimamia hospitali kadhaa za misheni iliandika kwamba itapanda mlimani Alhamisi moja kuiona programu, na ikiridhika itaiweka katika hospitali zote. Togolani aliisoma barua ile akiwa amesimama juu ya kitanda cha kamba. Ilikuwa imekuja kwa wakati wake, kwani mwaka wa mjomba ulikuwa unakaribia ukingoni. Daktari Kajiru naye aliahidi kwamba siku hiyohiyo, mbele ya wageni, makabati yatakuwa matupu na kadi za zamani zitachomwa, ili vitanda viingie. Nilisikia habari ya kuchoma nikaitikia kwa kichwa. Ndivyo nilivyopendekeza mwenyewe tangu mwanzo: karatasi zikibaki, nilisema, watu hawataiamini mashine.

Jumanne ya wiki hiyo, asubuhi, umeme haukuwepo. Nilikuwa peke yangu chumbani nikifuta vioo vya kompyuta kwa mara ya pili, na upande wa pili wa dirisha la sahani waliketi akina mama wawili walioshuka kutoka mlimani na lori la tangawizi. Mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake alivyokwenda hospitali kwa ajili ya mgongo.

"Daktari kaniuliza kifafa changu kinapungua?"

"Kifafa kipi?"

"Ndiyo namuuliza yeye, kifafa kipi. Kanionyesha karatasi ya kompyuta. Jina langu, kijiji changu, kifafa."

"Ukamwambiaje?"

"Nimwambieje mtu aliyesoma? Nikameza vidonge. Nimelala mchana kutwa, makande yakaungua mpaka sufuria ikatoboka. Mume wangu akadhani nimelewa."

Walicheka, na Mama Eliwaza akacheka nao huku akisugua kikaango. Mimi pia nilianza kutabasamu. Kisha yule mwingine akauliza, polepole, kama mtu anayehesabu mafungu sokoni: "Na huyo mwenye kifafa chake, yeye amepewa nini?" Nikasikia maji yakimiminwa, na mazungumzo yakahamia bei ya tangawizi.

Niliendelea kufuta kioo kilekile. Nilijipa kila maelezo. Daktari alichukua karatasi ya mtu mwingine mezani, hilo hutokea. Mama yule alisahau ugonjwa wa utotoni. Hilo pia hutokea. Karani wa hospitali alikosea kusoma. Nilikuwa na maelezo mengi kiasi kwamba nilianza kuyaogopa, kwa sababu jambo la kweli huwa halihitaji maelezo mengi hivyo. Alasiri umeme uliporudi nilifunga komeo zote tatu kwa mara ya kwanza tangu tupange, nikawasha mashine, nikaandika jina ninalolijua kuliko yote, langu.

Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba. Baba yangu na kaka zake watatu wote walianza na binti, na wote walimheshimu mama yao. Kwa hiyo tulikuwa akina Nakiete wanne katika boma moja, wote na jina la ukoo mmoja, kijiji kimoja, na wote tukiwa na mwaka mmoja wa kuzaliwa, tena mwaka uliokadiriwa na mchungaji siku alipotubatiza pamoja. Nyumbani hakuna aliyewahi kutuchanganya. Alikuwepo Nakiete wa juu, Nakiete wa mfereji, Nakiete mwembamba, na mimi, Nakiete wa vitabu. Majina hayo ya nyumbani mtu huyaacha mlangoni. Ukifika shuleni, kanisani au hospitali unataja mawili, la kwako na la ukoo, umesimama wima. Ndiyo adabu tuliyofundishwa, na ndivyo nilivyoiandika programu, kama msichana mwenye adabu.

Kioo kilinionyesha Nakiete mmoja. Alikuwa amezaa mara mbili katika miaka ambayo mimi nilikuwa darasani chuoni. Aling'olewa jino. Alikuwa na pumu, ugonjwa wa Nakiete wa mfereji, na alikuwa na kovu la mguu, ambalo ni langu. Kundi la damu lilikuwa moja tu, la kadi ya mwisho kuingia, kwa sababu niliiagiza mashine iamini habari mpya kuliko ya zamani. Lilikuwa langu. Nakiete wa mfereji wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minane.

Nilimwita Bi. Halima. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akasema mashine iliuliza naye akabonyeza ndiyo, kama alivyoambiwa. Yeye angejuaje, alidhani Wapare wanapoteza kadi kuliko watu wote duniani. Nikamuuliza ni mara ngapi aliulizwa hivyo. Akajibu kwamba siku nyingine alibonyeza mpaka kidole kikaota sugu. Hakutania. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, na kwa mara ya kwanza hakuleta chai.

Ningeweza kurudisha nyuma? Mashine iliunganisha na kufuta. Sikuwa nimeiwekea njia ya kutengua. Mahali pekee ambapo akina Nakiete wanne walikuwa bado wanne ni kwenye kadi zao chafu, ndani ya magunia, mlimani, zikisubiri moto wa Alhamisi.

Togolani alirudi usiku kutoka Mwanga, nami sikumwambia. Nilijipa usiku mmoja nione kama shaka itakufa yenyewe. Jumatano asubuhi nilimkuta uani kwa Mama Eliwaza akiinyoosha suruali yake ya kitambaa kwa pasi ya mkaa, akipuliza majivu kila mara yasidondoke. Nilimweleza yote bila kusimama, pamoja na mama wa kifafa. Alisikiliza. Nampa haki hiyo, alisikiliza mpaka mwisho, pasi ikiwa hewani.

Alisema kadi nazo zilikosea. Alisema kabla yetu mtu alikuwa na kadi tano na daktari hakuiona hata moja, na hakuna aliyekosa usingizi kwa ajili hiyo. Alisema tatizo linarekebishika: tuongeze jina la tatu, jina la mama, chochote, lakini baada ya Alhamisi. Kila alilosema lilikuwa na ukweli ndani yake, na hilo ndilo lililonitesa. Nilimwambia basi tumwombe Daktari aahirishe kuchoma, tu.

"Nikimwambia aahirishe, atauliza kwa nini."

"Mwambie kwa nini."

"Nikimwambia kwa nini, wageni wanageuza gari. Mjomba anachukua mashine. Halima anarudi kambini. Hizo kadi zikibaki, akina mama wanaendelea kulala korido. Umeyafikiria hayo, au umefikiria yale yako tu?"

Nilikuwa nimeyafikiria. Nilimwambia nimeyafikiria usiku kucha. Aliweka pasi chini.

"Nakiete, sikiliza. Mwezi wa pili ulisema programu ya mkonge itawapunja watu. Haikuwapunja. Mwezi wa nne ulisema radi itaunguza kompyuta, ukazifunika blanketi, tukakaa siku nzima tunatazama blanketi. Ulitutoa kanisani urudi kuangalia kama umezima jiko, na jiko hatuna. Sasa niambie, mimi nitajuaje kwamba hii ndiyo ya kweli?"

Shaka zote ndani yangu zina sauti moja na uzito mmoja, na ile ya jiko ilinisumbua sawasawa na hii. Nilijua kuhusu akina Nakiete, lakini sisi ni boma moja. Huenda maboma mengine hayakuwa hivyo. Huenda tulikuwa watu wachache katika maelfu ya kadi, na kwa ajili ya wachache hao ningebomoa kitu ambacho kingewasaidia wengi. Huenda mama wa kifafa alikuwa kweli na kifafa. Mtu wa hesabu hatakiwi kuamua kwa mifano miwili. Togolani alirudi kwenye suruali yake, nami nikasimama pale nikitazama mkunjo ukitokea, ulionyooka vizuri sana.

Pale msibani kwa Mama Eliwaza, wali ulipokuwa unagawiwa, Togolani aliniambia jambo ambalo sikulitegemea. Katika kampuni yake, alisema, yuko binti mmoja anayelipwa mshahara mnono kwa kazi moja tu, kutia shaka. Kila programu kabla ya kutoka inapita kwake, naye anakaa nayo na kuitafutia ubaya, na hakuna anayeruhusiwa kumwambia aharakishe. Alilisema hilo akiwa anachambua mfupa, bila kunitazama. Nikamuuliza huyo binti anapata usingizi? Akasema hajui, hajawahi kumuuliza. Kisha akasema anadhani hapati. Nilifikiria jinsi mambo yanavyogeuka. Kile kilichokuwa aibu yangu katika chumba kile sasa kina meza, kiti na bima ya afya. Lakini mwaka ule hakukuwa na meza hiyo. Tulikuwa watatu, na shaka ilikuwa kitu cha mtu kukaa nacho peke yake, kama chawa.

Gari la hospitali lilitupandisha Jumatano jioni, kompyuta imefungwa blanketi mapajani mwangu, Togolani mbele na dereva. Barabara ilipanda ikiacha joto la Same chini yetu, migomba ikaanza, kisha ukungu. Kila gari liliporuka mtaro nilikumbatia kompyuta, na nilishangaa kwamba mikono yangu bado inailinda wakati kichwa changu kinapanga kuiangusha. Maana nilikuwa nimekwishaanza kupanga, ingawa ningeulizwa ningekana. Nilipanga kumwendea Daktari peke yake. Tulipofika tukamkuta upasuaji, na alipotoka alikuwa amechoka na ana furaha. Akatuonyesha vitanda vilivyopangwa nje ya masjala, vimepakwa rangi upya, na shuka zilizoshonwa na akina mama wa kanisa. Makabati yalikuwa wazi, matupu. Nikafungua mdomo kusema. Nikasema shuka ni nzuri.

Asubuhi niliamka kabla ya wauguzi walionipa godoro. Ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye majani, na katika korido niliruka miguu ya akina mama waliojifunika khanga mpaka kichwani. Mmoja wao aliniamkia, nami nikajikuta najiuliza anaitwa nani, na wako wangapi. Nilikwenda jikoni nikiwa sina azimio lolote, nilitaka tu kuyaona magunia ya kadi, yaliyowekwa huko kungoja moto, kama mtu anavyorudi kutazama mlango. Moshi ulikuwa mzito. Mpishi, mama wa makamo mwenye kilemba, alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, gunia moja limefunguliwa ubavuni mwake, na mkononi ana kadi kama mtu anayecheza karata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usiingie, utanuka moshi."

Kuni, alisema, zimelowa zote, na wageni wanataka chai wakifika. Kwa kuwa karatasi hizi ni za kuchomwa leo, ameona heri zichemshe chai. Akazitia nyingine. Niliiona kadi ikijikunja pembeni, jina lenye wino wa bluu, kisha hakuna jina.

Watu huniuliza niliamuaje, nami huwaambia kwamba sikuamua. Nilikuwa nimeishika mikono ya mama yule kabla ya kufikiri, mimi niliyefikiri kila kitu. Alinitazama kwa mshangao, hakukasirika.

"Nani kasema zisichomwe?"

"Mimi."

"Na wewe ndiye nani?"

"Ndiye niliyesema zichomwe."

Alinifikiria kidogo. Kisha akaondoa chungu jikoni, akachomoa kwa koleo zile zilizokuwa hazijashika vizuri, akazikanyaga sakafuni kwa kandambili, na kuniambia chai ikichelewa nitaieleza mwenyewe.

Nilikokota gunia lile lililofunguliwa, kwa kuwa ndilo nililoweza. Nilipofika masjala wageni walikuwa wamekwishaketi, wazee watano wa kamati na mwenyekiti wao, mchungaji mstaafu mwenye fimbo. Jenereta lilikuwa linanguruma, kioo kimewaka. Togolani, katika suruali yake yenye mkunjo, alikuwa anaeleza jinsi kadi tano zinavyokuwa mtu mmoja, na alikuwa anaeleza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Aliona gunia. Aliona majivu kwenye gauni langu. Sauti yake ikapungua, ikapungua, ikakoma kabla sijasema neno, na macho yake yakaniomba kitu ambacho nimekikumbuka kila mwaka tangu hapo. Nikatazama pembeni, nikawaamkia wazee wote kwa pamoja, wakaitikia.

"Naomba kadi zisichomwe," nikasema. "Programu niliyoandika inawafanya watu wawili kuwa mmoja. Wanaochangia jina la bibi yao. Inawapa dawa za wenzao na damu ya wenzao, na hizi kadi ndiyo njia pekee ya kuwatenganisha. Nilikuwa nimewaletea niwauzie. Siwauzii."

Daktari Kajiru alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya kichwa cha kitanda kimojawapo, na sikuweza kumtazama. Mwenyekiti aliegemea fimbo yake.

"Binti, una hakika na unayoyasema?"

"Sina, mchungaji. Ya watu wanne ndiyo ninayoyajua. Ya wengine sijui, ndiyo maana nataka tuzisome zote."

Hakuna aliyeniruhusu wala kunikataza. Nikanyoosha mkono nikaizima mashine mwenyewe, kioo kikameta doa jeupe kisha kikawa cheusi. Nikalivuta gunia hadi kwenye kabati la kwanza, nikapiga magoti, nikatoa kadi ya juu, iliyoungua pembe moja. Nililisoma jina kwa sauti, nikaiweka kadi mahali pake, nikatoa ya pili.